Motokaa ya Kukodi: Tazama Kabla ya Kushika Ufunguo



Juma hili tuzungumze habari ya motokaa za kukodi. Huku kwetu Mgogoni, kisiwani Pemba, wengi hatuna motokaa, lakini haja hazikosekani. Kuna harusi, kuna msiba, kuna mgonjwa wa kupelekwa Wete au Chake Chake, na msimu ukifika kuna magunia ya karafuu. Basi mtu hukodi motokaa ya mwenziwe kwa siku moja au mbili, akapewa ufunguo aiendeshe mwenyewe.

Kukodi si kubaya. Ubaya huja siku ya kurudisha. Jirani mmoja alitakiwa kulipa taa ya nyuma iliyopasuka. Yeye asema taa ile aliikuta hivyo hivyo, lakini hakuwa na shahidi wala karatasi. Akalipa, na fedha aliyowawekea watoto sare za shule ikaenda zake.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fanyeni hivi.

Kwanza, ipokeeni motokaa mchana, ikiwa imeoshwa na kukauka. Matope na maji huficha mikwaruzo. Izungukeni pamoja na mwenyewe: bampa, milango, vioo, taa, matairi. Inameni mtazame na chini, maana barabara zetu za mawe huumiza tumbo la gari. Angalieni jeki, tairi la akiba, kiasi cha petroli na hesabu ya kilomita.

Pili, kila kasoro iandikwe katika karatasi mbili, nyote wawili mtie sahihi, kila mmoja ashike yake. Mwenye simu ya picha apige picha pande zote, mbele ya mwenye gari. Siku ya kurudisha fanyeni vile vile, wala msiache ufunguo kwa mtoto mkaondoka.

Tatu, ulizeni habari ya bima. Bima ndogo huwalipa watu wengine mtakaowadhuru. Gari lenyewe hailitengenezi. Bima kubwa hulitengeneza, lakini mara nyingi kuna fungu la kwanza ambalo hulipwa na mtu mwenyewe. Ulizeni nani atalitoa fungu hilo, na jibu liandikwe.

Sheria ya mikataba ya Tanzania, Bara na Visiwani, ilifuata mfano wa sheria ya Uhindi ya 1872. Yasema kwamba aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe yampasa aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angavyoitunza yake. Akifanya hivyo, na hasara ikatokea bila uzembe wake, hadaiwi, isipokuwa kama walipatana vingine. Angalieni sana maneno hayo ya mwisho! Ukitia sahihi kwamba utalipa kila hasara, umejifunga mwenyewe. Basi someni kwanza. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini.

Na kama kweli umeligonga gari? Usifiche. Mwambie mwenyewe siku ile ile. Lakini kulipa haki si kulipa chochote utakachotajiwa. Omba fundi wa pili akadirie. Omba hati ya malipo, na kifaa cha zamani ukione. Bonyeo dogo halidai mlango mpya, na tairi lililokwisha kulika kwa miaka halilipwi kwa bei ya tairi jipya. Uchakavu wa kawaida ni mzigo wa mwenye gari. Ndiyo sababu moja anapokea kodi.

Msidhani mambo haya ni ya visiwani tu. Ulaya nako wateja walilalamika, hata mwaka 2015 makampuni makubwa matano ya kukodisha motokaa yakaahidi mbele ya Tume ya Ulaya kwamba mteja ataelezwa sababu ya madai ya uharibifu, na atapewa nafasi ya kuyapinga kabla ya kutozwa. Ikiwa haki hiyo yawafaa wao, yatufaa na sisi.

Mwenye gari mwema hatachukia karatasi, kwa kuwa yamlinda naye pia. Akikataa kuandika, ni afadhali mtafute gari lingine mapema, au mkodi gari pamoja na dereva wake.

Haya, safari njema, na tuonane juma lijalo.