Kope Zikilegea, Malaria Isibebeshwe Lawama Zote

Katika Busia, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na katika wilaya ya Tororo nchini Uganda, homa ikipanda na viungo vikiuma, kinachotajwa kwanza ni malaria. Haishangazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Kuanzia mwishoni mwa 2014, upuliziaji wa dawa majumbani ulipunguza sana maambukizi wilayani humo kwa miaka kadhaa, lakini mazoea ya kuanza na malaria na kuishia hapo hapo bado yapo.

Mazoea hayo huwaumiza wenye lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Homa yake, uchovu wake na maumivu yake ya viungo hufanana mno na malaria.

Kwa baadhi yao, misuli na neva havisalimiki. Misuli ya mapaja na mabega huvimba na kukosa nguvu, au miguu hufa ganzi. Wachache hupata miastenia gravisi: kingamwili huziba pale neva inapoupa msuli amri. Asubuhi mgonjwa ana nguvu. Jioni kope zimeshuka, anaona vitu viwili viwili na chakula hakimezeki.

Hapo kwinini, dawa ya malaria, ni hatari, kwani inaweza kuzidisha udhaifu huo hadi kupumua kukawa shida. Haidroksiklorokwini, dawa kuu ya lupasi, nayo humtaka mgonjwa wa namna hii aangaliwe kwa makini. Antibiotiki kama jentamisini na siprofloksasini ni vivyo hivyo.

Dalili zinaweza kusakwa hata kwenye zahanati. Mgonjwa aambiwe atazame juu kwa dakika moja, mhudumu aangalie kama kope zinateremka. Ainuke kitini akiwa amekunja mikono kifuani. Mkojo upimwe protini, kwa sababu lupasi hupenda kushambulia figo. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea na homa ikirudi, apewe rufaa mapema, iwe Hospitali ya Mulago mjini Kampala au Hospitali ya Moi mjini Eldoret.

Wizara za afya za Kenya na Uganda ziufanye uchunguzi huo kuwa wa kawaida pande zote mbili za mpaka. Na kwa kuwa wagonjwa huvuka kutafuta tiba, kila mmoja awe na daftari moja la dawa anazotumia, ambalo muuza dawa wa Busia yoyote atalisoma kabla ya kumpa kwinini.