KARO ISIYO NA SAKAFU NI KISIMA CHA MARADHI

Wako mabwana wakubwa ambao wakisikia neno choo huziba pua na kugeuza mazungumzo. Sisi hatuna adabu ya namna hiyo. Jambo linaloua watoto halina haya ya kutajwa. Na mficha maradhi, kifo humfichua.

Itazameni pwani ya mashariki ya Unguja, tangu Kiwengwa mpaka Makunduchi. Ardhi yake ni maweni: udongo haba juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Mwenye nyumba huchimba karo, akazijenga kuta zake, na sakafu akaiacha wazi ili majitaka yajiendee. Jee, yanakwenda wapi? Jiwe lenye nyufa halichuji. Yanakwenda kisimani kwa jirani, na yanakwenda baharini, pale pale mama zetu wanapolima mwani tangu mwaka 1989. Na hoteli yenye vyumba vingi ikifanya vivyo hivyo, humimina kwa siku moja uchafu wa mtaa mzima.

Kipindupindu kiliingia visiwani mwetu mwaka 1978, na tangu hapo kimerejea mara kwa mara. Mwaka 2009 watu wapatao 24,000 wa Unguja na Pemba walikunywa dozi mbili za dawa ya kinga. Hatuibezi kinga hiyo. Lakini nguvu yake hupungua miaka ikipita, na karo iko pale pale. Kumkinga mtu na kumwachia kisima kile kile ni kumtoa mwiba na kumrejesha miibani.

Tunaambiwa tungoje mradi mkubwa. Mji Mkongwe wenyewe, ulioingizwa mwaka 2000 katika Urithi wa Dunia, kwa miaka mingi ulimwaga majitaka yake baharini bila ya kutibiwa. Ikiwa mji ulingoja hivyo, kijiji kitangoja mpaka lini? Tena tangu mwaka 2020 tunahubiriwa Uchumi wa Buluu. Bahari hainawiri kwa khutuba.

Kijiji kidogo hakihitaji mtambo wa fakhari. Kinahitaji tangi lenye sakafu na kuta zisizovuja, ambamo uchafu mzito hutua chini. Maji yanayotoka humo hupitishwa polepole katika kitanda cha changarawe, chenye kina cha kiasi cha nusu mita na sakafu isiyopitisha maji, kilichopandwa matete. Vijidudu vinavyoishi juu ya changarawe na mizizi huula uchafu. Pakiwa na nafasi, maji humalizia bwawani, ambamo jua letu kali huua viini vya maradhi. Ardhi ikiwa na mteremko, hapana haja ya umeme. Wala si ndoto: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabwawa ya namna hiyo, na wataalamu wake wamevichunguza vitanda vya matete kwa miaka mingi.

Lakini tangi lisilonyonywa hujaa, na kitanda kisichotunzwa huziba. Hapo ndipo miradi mingi hufa: wakubwa hukata utepe, wakapigwa picha, wakaenda zao.

Kwa hivyo tunadai haya. Kwanza, isiruhusiwe hoteli yo yote kufungua milango kabla ya kutibu majitaka yake. Pili, fedha za kuhudumia mtambo wa kijiji zitengwe kila mwaka kutokana na kodi ya utalii, na hesabu zake zisomwe hadharani. Tatu, maji ya visima yapimwe, na majibu yabandikwe mahali ambapo kila mtu atayasoma.

Na sisi wenyewe, Ndugu Wanachama, tusijifanye watakatifu. Wangapi miongoni mwetu wana karo isiyo na sakafu? Anayedai haki ya maji safi asimtilie jirani yake sumu. Kila tawi lianze kwa kuhesabu makaro yake, na hesabu hiyo iletwe mkutanoni. Tukifika mbele ya wakubwa na hesabu mkononi, hawataweza tena kuziba pua na kugeuza mazungumzo.