Kijana Anayetaka Kugawa Dawa

Ndugu msomaji wa Mikelenge, labda mtoto wako amemaliza shule, naye asema, "Nataka kufanya kazi katika farmasi." Ni neno jema. Akiweza, aende chuo cha uganga. Lakini hata aliyetoka chuoni hujua kazi hii akiwa amesimama kando ya fundi. Basi uliza: huyo fundi alifundishwa wapi? Si kila mwenye kabati la dawa karibu na soko ni fundi.

Siku za kwanza kijana asiuze kitu. Afagie, apange dawa, zile zinazokaribia kuisha muda ziwe mbele. Ahesabu vidonge juu ya sahani safi, si katika kiganja. Tena ajifunze kununua mahali panapojulikana. Mwaka 2015, kule Ituri, mamia ya watu walipindika shingo na uso, hata wakadhaniwa kuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Vidonge walivyokunywa viliitwa dayazepamu, kumbe ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa.

Kisha siku moja mama aja na mtoto mwenye malaria. Mganga ameandika artemeta na lumefantrini. Mtoto ana kilo 18: ni vidonge 2 kila mara, mara 6 katika siku 3, jumla 12. Mara ya pili ni baada ya kupita saa 8, kisha asubuhi na jioni. Anywe pamoja na chakula chenye mafuta. Sombe la mawese lafaa sana. Kijana aseme hayo, na mama ayarudie.

Lakini mama asema, "Mwanangu, nina pesa za vidonge 6 tu."

Hapa ndipo masomo yenyewe yalipo. Fundi akikata karatasi ya vidonge nusu, kijana ataikata hivyo maisha yake yote, na mtoto atapoa siku moja, kisha homa irudi. Mimi naona afadhali ampe vidonge vyote na kuandika deni. Najua madeni mengine hayalipwi, na duka ni chakula cha jamaa yake.

Mzazi, kabla ya kumwacha mtoto wako pale, keti juu ya benchi asubuhi moja, utazame fundi anafanya nini mama wa namna hiyo akiingia.