Shahada Haioti Juu ya Mwamba

Hapana baraza siku hizi lisilosikika malalamiko haya: shahada imeshuka thamani. Aghalabu lawama huwaangukia vijana, kwamba ni wavivu. Au huuangukia wingi wao, kwamba vyuo vimezidi. Mimi nasema lawama zote mbili zimekosa shabaha.

Tuiache pwani kidogo, tupande hadi Mbinga, mkoani Ruvuma. Wamatengo wa milima ile wana kilimo chao cha ngolo. Kabla ya kupanda, hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana miraba. Kisha huchimba udongo ndani ya miraba na kuzifukia nyasi hizo. Mashimo yanayobaki huizuia mvua isisombe rutuba. Hawapandi kwanza, ndipo waiombe mvua huruma.

Sasa mtazameni mtoto wa Litumbandyosi, kata ya wilaya hiyo hiyo. Shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Akivuka kizingiti cha sekondari, hesabu na baiolojia zimegeuka Kiingereza. Asipoelewa, hukariri. Akifika chuo kikuu, hukariri vile vile, hata avikwe joho.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Serikali ikayafuta, ikaagiza yapangwe upya. Walioanguka wakapungua; lakini ni nani aliyeongezewa hata chembe ya elimu? Kilichotengenezwa ni mizani, shamba likaachwa lilivyo.

Wapo wasemao turudi enzi ya wachache, shahada ipate kung'ara. Yaani mtoto wa Litumbandyosi afungiwe mlango ili cheti cha mtoto wa mjini kipande bei! Siafiki katu. Mzazi aliyeuza kahawa yake alipe ada ya chuo hakukusudia kununua karatasi. Alitaka maarifa, naye amedhulumiwa.

Nanyi wapenzi wa ushairi mwajua: asiyeimiliki lugha hatungi, huimba vya wenziwe. Ndivyo alivyo mwanasheria, ndivyo alivyo mhandisi. Basi kijana na afundishwe kwa lugha anayofikiri kwayo, na Kiingereza kisomeshwe barabara, kama somo, na walimu wakijuao. Tuchimbe mashimo kwanza, ndipo tupande. La sivyo, tutaendelea kugawa majoho kila mwaka, na kila mwaka mvua itashuka na udongo wetu.