Disertasio ya batoto betu: mifano iko ku nyumba

Ndugu batumishi, na bamama benye kuhangaikia minerval,

Egzame ya Leta inaanza na disertasio, mbele ya zile siku ine za kuchagua majibu. Kila mwaka batoto ba finaliste banapita ku biro yetu ya sendika na makaratasi yao, asema tubasomee. Safari hii tulisoma kumi na moja. Mwalimu alikuwa amewapa kichwa hiki: kazi inamupa mutu heshima, eleza na mifano. Kenda kati yao waliandika mfano ule ule, hadisi ya La Fontaine: mulimaji na batoto bake benye kuchimba shamba juu ya kutafuta mali. Hadisi ni muzuri, hata sisi tuliisoma. (Na kuchimba juu ya kutafuta mali, hiyo nani katika Katanga haijue?)

Tukauliza kijana moja, mwenye baba yake anatumika chini ya udongo: na kazi ya papa, je? Akajibu: «Hiyo haiandikwe mu disertasio.»

Neno lile lilituuma. Nani alimufundisha vile? Pengine ni sisi, maana tukirudia ku nyumba tunakula na kulala, hatusemi kitu.

Lakini tusidanganye batoto. Kuandika paka «baba yangu anachoka sana» haitoshi, mwenye kusahihisha hamujue baba yako. Mfano unaomba mwaka, mahali, watu, na kisha neno la kuufunga na kichwa. Vitu hivyo tuko navyo. Tarehe 9 Desemba 1941, mu Elisabethville, batumishi ba Union Minière benye kugoma juu ya mushahara walikusanyika ku uwanja wa mupira. Askari wakapiga masasi, na Léonard Mpoyi, mwenye kusema kwa ajili yao, akauawa. Mu 2003, batumishi kupita 10 000 ba Gécamines, benye kukaa miezi mingi bila kulipwa, walipokea feza ya mara moja na kuacha kazi. Mutoto akiandika hiyo, anaweza hata kubishana na kichwa: kama kazi peke yake inatosha kuleta heshima, mbona mutu alitumika myaka makumi mbili na akashindwa kulipia batoto masomo? Hapo njo disertasio inaanza kuwa na nguvu. Makosa ya Kifaransa itahesabiwa tu, hiyo tumuachie mwalimu.

Bazazi, musingojee egzame ikaribie. Siku ya mungu, kisha kula, mutoe kale kakaratasi ka kwanza ka kazi, mumuonyeshe mutoto, mumuelezee.

Yule kijana alirudia Jumamosi. Tukamuuliza baba yake alianza kazi mwaka gani. Hakujua. Akapigia mama yake simu. Na mama pia hakujua.