Mkaguzi wa Mafuta ya Baharini Haundwi kwa Siku Moja

Hapa Karatina, mbali na bahari kwa safari ya kutwa nzima, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutajwa mara moja kwa mwezi. Ifikapo tarehe 14, bei mpya za petroli na mafuta taa hutangazwa, utingo akapandisha nauli, na mama muuza karoti sokoni akanung'unika. Ni wachache miongoni mwetu wanaofahamu kwamba mamlaka hiyo hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kusimamia utafutaji na uchimbaji wa mafuta nchini, bahari yetu ikiwemo.

Kazi hiyo si ya kufikirika tu. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ilichimba kisima cha Mbawa katika bahari yetu, ikakuta gesi isiyotosha biashara. BG ikafuata mwaka 2014 na kisima cha Sunbird, kisha Eni ikachimba Mlima mwaka 2022. Hakuna hata kimoja kilichotutajirisha. Lakini kisima kitupu na kisima tajiri huchimbwa kwa hatari ile ile, na anayepaswa kumwambia mchimbaji "simama" ni afisa wa serikali.

Je, afisa huyo hutoka wapi?

Tutazame Bahari ya Kaskazini. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la Piper Alpha liliteketea baada ya pampu kuwashwa ilhali vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na walioingia zamu hawakuwa na habari. Watu 167 walifariki. Mkaguzi wa serikali alikuwa amelizuru jukwaa hilo mwezi uliotangulia tu! Uchunguzi wa Lord Cullen, uliotolewa mwaka 1990, ulipendekeza usalama wa baharini uondolewe mikononi mwa wizara ya kawi ya Uingereza, iliyokuwa pia na jukumu la kuhimiza uzalishaji. Marekani haikuwa imelizingatia funzo hilo. Katika Ghuba ya Meksiko, idara moja ilikodisha vitalu, ikakusanya mrabaha na kukagua mitambo, hadi Deepwater Horizon ilipolipuka tarehe 20 Aprili 2010 na kuua watu 11. Ndipo idara hiyo ilipovunjwa na majukumu yake kutenganishwa.

Mkulima wa kahawa wa Mathira hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Hakubali karani anayepima kahawa yake awe ndiye pia mkaguzi wa mizani.

Hata hivyo, kutenganisha ofisi hakutoshi. Panahitajika watu waliokaa kazini muda mrefu. Farouk al-Kasim, mwanajiolojia mzaliwa wa Basra nchini Iraki, alihamia Norwe mwaka 1968 kwa sababu ya matibabu ya mwanawe, akaajiriwa na serikali iliyokuwa haijui kitu kuhusu mafuta. Kurugenzi ya Petroli ilipoundwa mwaka 1972, yeye alikuja kuisimamia idara ya rasilimali kwa takriban miaka ishirini. Ni yeye aliyeshikilia kwamba maji yaingizwe chini ya Ekofisk ili mafuta mengi zaidi yatolewe, ijapokuwa kampuni yenyewe ilisitasita. Kazi hiyo ilianza mwaka 1987, na hazina iliyookolewa ni kubwa mno. Afisa wa miaka miwili angeweza kuwakatalia wahandisi wa kampuni kubwa? Sidhani.

Jirani zetu Waganda walianza kuwasomesha wanajiolojia wao katika miaka ya 1980, miongo miwili kabla ya mafuta kugunduliwa mwaka 2006. Hata visima vya Kingfisher, vinavyochimbwa kimshazari kutoka ufuoni kuelekea chini ya Ziwa Albert, vilikuta serikali yenye wataalamu wake. Ernest Rubondo, mmoja wa wanajiolojia hao, aliteuliwa mwaka 2016 kuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Mamlaka ya Petroli ya Uganda. Mamlaka hiyo hukagua tu. Biashara imeachiwa kampuni ya taifa.

Sisi tumeibebesha EPRA bei za petroli, umeme, mitungi ya gesi na visima vya baharini kwa pamoja. Pindi bei ipandapo, macho yote huelekea kwenye pampu, na bahari husahauliwa.

Walimu wa fizikia na jiografia wanaowashauri vijana kuhusu masomo ya petroli aghalabu huwaonyesha mshahara wa kampuni. Wawaonyeshe na kazi hii nyingine. Nayo serikali itenge nafasi za ukaguzi zenye mafunzo ya miaka mingi na ujira usiomlazimisha afisa kuhamia kwa yule aliyekuwa akimkagua jana, na izitangaze sasa, kabla meli nyingine ya uchimbaji haijatia nanga mbele ya Lamu.