Mwenye gari ana haki ya kujua siri ya ufunguo wake

WAHENGA walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara asiyeweka hesabu, lakini usemi huo unatufaa pia sisi tunaonunua vyombo vyenye mitambo ndani yake bila kupewa daftari la kueleza namna vinavyofanya kazi. Mfano ulio wazi ni ufunguo wa gari.

Magari mengi ya watu binafsi humu nchini ni mitumba iliyotoka Japani. Mara nyingi gari la namna hiyo huja na ufunguo mmoja tu wenye rimoti ya kufungia na kufungulia milango. Kitabu cha maelezo, kama kimo, kimeandikwa kwa Kijapani. Siku rimoti hiyo inapopotea, inapovunjika au inapotumbukia majini, mwenye gari huwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Hukimbilia mjini, akatajiwa bei, akalipa.

Maoni yangu ni haya. Katika magari mengi ya miaka ya 1990 na 2000, ambayo bado tunayaona barabarani kila siku, kazi ya kulifunza gari kuitambua rimoti mpya yaweza kufanywa nyumbani, bila chombo chochote, kwa dakika chache. Kinachotuzuia si ugumu wa kazi bali ni kukosa maelezo. Na kumnyima mtu maelezo ya kitu alichokilipia ni kumdhulumu.

Kwanza yafaa tuuelewe ufunguo wenyewe. Ndani ya ufunguo wa aina hiyo mna vitu vitatu, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni chuma kilichokatwa meno ili kizungushe kitasa. Cha pili ni redio ndogo inayotumia betri. Ndiyo inayofunga na kufungua milango unapobofya kitufe. Cha tatu, katika magari mengi, ni chipu ndogo isiyo na betri. Chipu hii hupata nguvu kutoka kwa koili ya waya iliyoizunguka swichi ya kuwashia gari, ikalijibu gari linapouliza, “Wewe ni nani?” Jibu lisiporidhisha, injini hukataa kuwaka. Mtambo huo huitwa imobilaiza, nao umekuwa wa lazima kwa magari mapya katika nchi za Ulaya tangu 1998.

Kuijua tofauti hii ndiko kunakomwokoa mtu na gharama. Rimoti ikigoma, usikimbilie kununua nyingine. Badilisha betri kwanza. Nyingi hutumia betri bapa ya volti 3 iitwayo CR2032, na jina hilo lenyewe ni maelezo: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Ikiwa ni lazima kununua rimoti mpya, hakikisha kwamba imeundiwa aina ya gari lako na kwamba inatumia masafa yale yale. Rimoti za magari ya Japani na Marekani kwa kawaida hutumia mawimbi ya takriban megahezi 315, na za Ulaya megahezi 433. Ukinunua isiyolingana na gari lako, utaibofya hadi kidole kiote sugu na gari halitaisikia.

Sasa tuchukue mfano wa magari mengi ya Nissan ya miaka hiyo. Mwenye gari huingia ndani, akafunga milango yote na kuikomea kwa swichi iliyo kwenye mlango wa dereva. Kisha huuingiza ufunguo katika swichi ya kuwashia na kuuchomoa kabisa, mara sita au zaidi, katika muda wa sekunde kumi. Taa za tahadhari zikimweka mara mbili, gari limekubali kusikiliza. Huuingiza ufunguo tena, akauzungusha hadi hatua ya kwanza, ile inayowezesha redio kulia, akabofya kitufe cha rimoti mpya. Taa zikimweka tena, kazi imekwisha.

Katika magari mengi ya Ford yaliyouzwa Marekani, ufunguo huzungushwa mara nane katika sekunde kumi, na milango hujikomea na kujifungua yenyewe kuashiria kwamba gari li tayari. Hapo rimoti zote, mpya na za zamani, sharti zibofywe moja baada ya nyingine, kwa maana ile isiyobofywa husahauliwa. Hiyo si kasoro. Ndiyo njia ya kuifuta rimoti iliyoibwa.

Mbona basi jambo jepesi hivi likawa ghali? Nilipata kumsindikiza rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi, kwa fundi mmoja wa mjini. Fundi alitutaka tusubiri kando, akaingia garini, akapandisha vioo. Muda si muda taa zilimweka, akatoka na kutaja malipo ambayo yangetosha kumnunulia mwanafunzi sare nzima ya shule. Simlaumu fundi huyo. Aliyatafuta maarifa yake kwa jasho, na maarifa yana thamani. Isitoshe, mafundi wetu wengi wa jua kali nao wamejifunza kwa kupapasa, kwani hakuna aliyewapa kitabu. Lawama yangu ni kwa biashara nzima inayolileta gari hadi mlangoni petu na kuyaacha maelezo yake ng’ambo.

Nasema haya bila kudai kwamba kila kitu kinafaa kufanyiwa uani. Chipu ya imobilaiza ni jambo jingine. Mara nyingi kuisajili kunahitaji mashine inayochomekwa katika soketi iliyo chini ya usukani, na magari mapya yanayowashwa kwa kubofya kitufe kwa kawaida huhitaji mashine hiyo pia. Hapo fundi mwenye ujuzi anastahili ujira wake. Lakini mwenye gari anayejua mpaka huo hatalipishwa bei ya chipu kwa kazi ya rimoti. Faida ya elimu ni kujua lini umwite fundi na lini usimwite.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba maarifa haya yakienea, wezi ndio watakaofaidi. Hoja hiyo ina uzito, nayo haifai kupuuzwa. Hata hivyo, tazameni taratibu nilizozieleza: zinamtaka mtu awe ndani ya gari na awe na ufunguo unaozunguka katika swichi. Aliyekwisha kufika hapo hahitaji tena rimoti.

Isitoshe, suala hili lilijadiliwa na wataalamu zamani. Mnamo 1883 Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mbinu nzuri ya kuficha ujumbe ni ile isiyodhurika hata adui akiijua yote, mradi tu ufunguo wenyewe haujui. Kwa maneno mengine, usalama uwe katika ufunguo, usiwe katika kuwaficha watu jinsi kufuli linavyofanya kazi.

Historia ya rimoti inathibitisha kauli hiyo, na historia hiyo inapitia katika bara letu la Afrika. Rimoti za awali zilituma nambari ile ile kila mara, na mwizi mwenye kifaa cha kunasa mawimbi aliweza kuinasa na kuirudia. Miaka ya 1980, wataalamu wa Afrika Kusini walibuni mbinu iitwayo KeeLoq, ambayo hubadilisha nambari kila kitufe kinapobofywa. Mhandisi Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria ndiye aliyeisanifu, na Willem Smit akaitengenezea chipu. Kampuni ya Marekani, Microchip, iliinunua mbinu hiyo mnamo 1995, na viwanda vingi vya magari vikaitumia. Ni wanafunzi wangapi wa Kiafrika waliopata kuambiwa habari hii?

Lakini mbinu yenyewe ilifanywa siri kwa miaka mingi. Ilipofichuka, wasomi waliichunguza, na mnamo 2008 watafiti wa chuo kikuu kimoja huko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba waliweza kunakili rimoti zilizoitumia. Kasoro hizo zilikuwamo tangu awali. Usiri haukuziondoa, uliwafumba macho wenye magari tu.

Tuangalie pia sheria yetu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma anayoilipia. Kifungu cha 7 nacho kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, waona wazi kwamba kitabu cha Kijapani mikononi mwa mnunuzi wa Kakamega au wa Kilifi hakitimizi haki hiyo. Wenzetu wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipiga kura mnamo 2012 kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa wenye magari na mafundi huru maelezo yale yale wanayowapa mawakala wao. Sisi tunangoja nini?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mnamo 1985, uliahidi kumpa mtoto kazi za mikono. Karakana zikakosa vifaa na ahadi ikafifia. Mtaala wa umilisi nao umeahidi kwamba mwanafunzi ataweza kutenda, si kukariri tu. Ufunguo wa gari ni somo zima lililofungwa ndani ya kiganja. Mwalimu wa fizikia ataona humo mawimbi, masafa na koili inayoipa chipu nguvu bila waya. Mwalimu wa hisabati ataona idadi ya nambari zinazoweza kuundwa na uwezekano wa mwizi kuibahatisha moja.

Mwalimu wa Kiswahili ndiye mwenye kazi kubwa zaidi. Tunawafunza vijana kuandika insha za maelekezo, nao hutueleza kila mwaka namna ya kupika ugali au njia ya kwenda sokoni. Kwa nini wasiandike namna ya kubadilisha betri ya rimoti, au hatua za kuioanisha na gari, kwa Kiswahili sanifu ambacho fundi na mwenye gari watakisoma na kukifuata bila kukosea? Akiruka hatua moja, gari litakataa. Hakuna msahihishaji mkali kuliko huyo, na hana upendeleo.

Nawasihi walioshika hatamu za viwango vya bidhaa waagize kwamba kila gari linalouzwa liandamane na maelezo yake kwa Kiswahili au Kiingereza, pamoja na taarifa ya wazi kuhusu idadi ya funguo na kazi ambazo mnunuzi anaweza kujifanyia. Kwa wauzaji, hiyo ni karatasi chache tu. Kwa mnunuzi ni akiba, na kwa fundi wa jua kali ni chuo. Hadi siku hiyo itakapofika, walimu wasingoje amri. Darasa lililojaa vijana wanaojua kusoma, kupima na kuandika linaweza kuanza kulijaza daftari hilo tunalolikosa, ukurasa mmoja baada ya mwingine.